Usitukane Wakunga: Kitabu Chao Kiandikwe

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Ndivyo walivyonena wazee wetu, na hapana mtoto wa pwani asiyeijua methali hiyo. Lakini kumtukana mtu kuna namna mbili. Ya kwanza ni kumtukana kwa ulimi, na hiyo sote twaikataza. Ya pili ni kumnyamazia: kuutumia ujuzi wake miaka nenda miaka rudi, kisha tusiutaje wala tusiuandike, mpaka siku atakapofariki ukazikwa pamoja naye. Tusi hili la pili ndilo tulilowatusi wakunga wetu hapa Shella ya Malindi, na Mambrui, na Takaungu, na kote pwani hii.

Wasomaji wasinifahamu vibaya. Siandiki ili kuwarejesha wake zetu na binti zetu kuzalia majumbani. Hospitali ndipo pahali pa kujifungulia, na aliye na shaka na aulize ni nyumba ngapi zilizobaki na yatima kwa damu iliyokosa kuzuiwa usiku wa manane. Ninaloliandikia ni jingine. Ukunga ni ilimu. Kila ilimu iliyokosa kuandikwa na wenyewe huandikwa na wengine, na wengine hao huandika walipendalo na kuacha walisilolijua. Historia ya vitabu vya uzazi vilivyopigwa chapa, ukiichungua, yasema neno hilo moja tangu mwanzo hata leo.

Tuanze huko matbaa zilikoanzia. Mwaka 1513 nchini Ujerumani kilipigwa chapa kitabu cha waja wazito na wakunga, mtungaji wake akiwa tabibu wa mji wa Worms aitwaye Eucharius Rösslin. Hicho kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya chapa vilivyotungwa mahsusi kwa kazi hiyo, nacho kilienea ajabu. Kiligeuzwa Kilatini mwaka 1532 na Kiingereza mwaka 1540, na watu wakakisoma kwa zaidi ya miaka mia. Ndani yake mlikuwa na picha za watoto tumboni, kila mmoja amesimama au kupinduka ndani ya kitu mfano wa chupa, kama mtu mzima aliyefanywa mdogo. Kwa picha hizo tu waweza kujua kwamba mchoraji hakuwahi kuliona alichoralo.

Na bwana huyo alizipata wapi habari zake? Nyingi alizitoa katika vitabu vya kale vya Wayunani na Warumi. Pamoja na hayo, mwanzoni mwa kitabu aliweka shairi la kuwalaumu wakunga, akawashutumu kuwa uzembe wao huua watoto. Basi tangu mwanzo wa vitabu hivi twamwona mwanamume aliyekaa nje ya mlango akimfundisha kazi, na kumkaripia, mwanamke aliye ndani.

Lakini wanawake hawakukitupa kitabu hicho. Thomas Raynalde, aliyekitoa upya kwa Kiingereza mwaka 1545, aliandika baadaye katika dibaji yake kwamba mabibi wa nyumba kubwa walikuwa wakikichukua mkononi waendapo kwa mzazi, na sehemu inayohusu jambo lililopo ikisomwa kwa sauti mbele ya mkunga na wanawake waliohudhuria. Sisi watu wa darsa na maulidi twaifahamu vyema desturi hiyo: mmoja asoma, wengine wasikiliza, na asiyejua herufi hakosi fungu lake. Neno hili tuliweke akiba, tutalihitaji huko mbele.

Mwisho wakunga wenyewe wakaishika kalamu. Louise Bourgeois, mkunga wa Ufaransa aliyemzalisha Malkia Marie de Médicis, alitoa kitabu chake mwaka 1609. Huko Uingereza Jane Sharp akatoa chake mwaka 1671, na Ujerumani Justine Siegemund akafuatia mwaka 1690. Hao walikuwa wameyatia mikono yao katika kazi hiyo kwa miaka mingi. Kutoka Rösslin hadi Bourgeois ni miaka 96. Yaani ilichukua karibu karne moja nzima kwa mwenye kazi kuruhusiwa kuisemea kazi yake.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Wazungu, yatuhusu nini? Yatuhusu, kwani sisi Waislamu tulikuwa na habari hizo kabla yao. Mjini Qurtuba, katika karne ya nne ya Hijra, katibu Arib bin Saad alitunga kitabu kizima juu ya kuumbwa kwa mtoto tumboni na malezi ya waja wazito na wachanga. Mwenziwe wa mji na zama hizo, Abul Qasim az-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, alitia katika kitabu chake kikubwa, at-Tasrif, mafundisho kwa wakunga namna ya kumtoa mtoto aliyekaa vibaya, na akachora vyombo vya kazi hiyo. Sehemu ya upasuaji ya kitabu hicho ilipigwa chapa kwa Kilatini mjini Venice mwaka 1497, miaka 16 kabla ya kitabu cha Rösslin. Maneno ya Mwislamu wa Andalusia kwa wakunga yalikwisha kupita matbaani kabla ya bwana yule wa Worms.

Na wanazuoni wetu walimpa mkunga heshima yake. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, ameuwekea ukunga mlango wake miongoni mwa kazi za lazima kwa wanadamu. Asema kuwa aghalabu ni kazi ya wanawake kwa sababu ya sitara, na kwamba katika maradhi ya mtoto mchanga wakunga huwa na ujuzi kumshinda tabibu hodari. Na sisi tulio katika madhehebu ya Imam Shafi twasoma katika Minhaj ya Imam Nawawi kwamba mambo ambayo kwa kawaida wanaume hawayaoni, na kuzaa ni miongoni mwayo, huthibiti kwa ushahidi wa wanawake wanne. Sheria yenyewe imekiri kuwa chumbani mle mwenye kujua ni mwanamke.

Ikiwa hivyo ndivyo, mbona vitabu vya chapa vilipofika pwani yetu vilikuwa vikimsemesha mwanamume? Hapa ndipo penye kitendawili. Vitabu vya tiba vilivyoletwa kutoka Misri vikauzwa madukani na kubebwa na waalimu, kikiwamo kile Kitabu ar-Rahma ambacho wengi humnasibishia Imam Suyuti, vina habari za mzazi aliyezidiwa na uchungu. Lakini dawa zake nyingi ni za kuandikwa: aya za kuandikwa kwa zafarani sahanini, zikaoshwa, mzazi akanywa kombe, au lile jedwali la vyumba 9 vyenye hesabu ya 1 hadi 9, ambalo kila upande ukiujumlisha wapata 15. Jedwali hilo ni la kale sana. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amelitaja katika al-Munqidh kuwa ni la kumsahilishia mzazi, huandikwa juu ya vitambaa viwili visivyoguswa na maji.

Simdharau mwenye kuomba dua wakati wa shida, wala kombe halikunikera mimi niliyelelewa chuoni. Ninasema tu jambo lililo wazi: vitabu hivyo vilikuwa vya mwalimu aliyekaa barazani na kidau chake cha wino. Aliyekuwa ndani, mwenye kujua kama mtoto amegeuka au hakugeuka, kama damu ni ya kawaida au ni ya hatari, hakuwa na kitabu, wala hakuulizwa na mwenye kitabu.

Ilimu hiyo ilipoandikwa hatimaye kwa Kiswahili na kupigwa chapa, haikuwa kwa ajili yetu. Mwaka 1903, mjini Göttingen, Ujerumani, Carl Velten alitoa kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Bagamoyo aliyekuwa akisomesha Kiswahili mjini Berlin. Kitabu hicho kinaanza pale maisha yanapoanza: mimba, uzazi, mkunga, malezi ya mtoto. Twapaswa kumrehemu Mtoro, kwani bila yeye mengi yangalipotea. Lakini aliyaandika akiwa mwanamume, mbali na kwao, kwa ajili ya Wajerumani waliotaka kujifunza lugha na mila za watu waliokuwa wakiwatawala. Mkunga wa Bagamoyo, ambaye ujuzi wake umo mle, hakupata kukiona.

Jirani zetu wa Uganda walipata nafuu kidogo. Baada ya Vita Kuu vya kwanza, Daktari Albert Cook wa Mengo na mkewe Katharine walianzisha shule ya wakunga, na daktari huyo akatunga kitabu cha ukunga kwa Kiganda kwa ajili ya wanafunzi wao. Msichana wa Kiganda aliweza kusoma kazi yake kwa lugha aliyonyonya kwa mamake. Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo ujuzi uliokwenda ulikwenda upande mmoja tu, kutoka kwa daktari hadi kwa msichana, na bibi yake msichana huyo akabaki kuitwa mjinga. Kule Cairo ilikuwa vivyo hivyo. Shule ya wakunga ilipofunguliwa mwaka 1832 chini ya Clot Bey, familia za mji hazikuwa radhi kutoa binti zao, na wanafunzi wa mwanzo wakawa vijakazi wa Kihabeshi na Kisudani walionunuliwa kwa kazi hiyo.

Sasa yafaa niulize: je, wenye vitabu walikuwa sahihi kila mara, na wakunga wakosefu kila mara? Jibu liko Vienna. Katika hospitali kubwa ya mji huo palikuwa na wodi mbili za kuzalia, moja ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Mwaka 1846 wodi ya madaktari ilipoteza akina mama 459 katika 4,010 waliojifungua. Ya wakunga ilipoteza 105 katika 3,754. Daktari Ignaz Semmelweis aliona kuwa wenziwe walitoka kupasua maiti wakaenda kuzalisha kwa mikono ileile. Mwaka 1847 akawaamrisha wanawe mikono kwa maji ya klorini, na mwaka 1848 waliokufa katika wodi yake walikuwa 45 tu katika 3,556. Wenziwe wengi hawakumkubali. Watu waliokuwa na vitabu kabati zima walikataa kunawa mikono!

Wala sisemi kwamba mkunga wa kale aliweza kila kitu. Mwaka 1844 Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, alijifungua mtoto wa kike Mombasa. Kwa siku chache tu yeye na mwanawe wakafariki, homa ikiwa imewazidi, na mumewe ndiye yule aliyeiandikia lugha yetu kamusi. Zama zile hapana kitabu cha Mzungu wala mkono wa mkunga wa Mvita ulioweza kuizuia homa ya mzazi. Makaburi ya wanawake waliokufa kwa uzazi yamo katika kila mava ya pwani hii, na mengi hayana hata jiwe la jina.

Ndiyo maana nasema hospitali ni kheri. Mkutano wa dunia juu ya uzazi salama ulifanyika katika mji wetu mkuu, Nairobi, mwezi wa Februari 1987, na hapo ulimwengu ukaelezwa kuwa wanawake kiasi cha nusu milioni walikuwa wakifa kila mwaka kwa sababu za uzazi. Tarehe 1 Juni 2013 serikali yetu iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto 61 katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 82. Haya ni maendeleo, na asiyeyashukuru ni mnyimi wa fadhila.

Lakini tukumbuke wale 18 waliobaki. Baadhi yao wamezuiliwa na umbali na nauli. Wengine, na hawa tunawajua kwa kuwa ni wake zetu na dada zetu, wamezuiliwa na haya: kuogopa kufunuliwa mbele ya wanaume, kulala peke yao bila mama wala shangazi, kukemewa wakilia. Mkunga wa mtaani hakuwa na dawa ya kuzuia damu, ila alikuwa na sitara, na maneno matamu, na subira ya kukesha. Naye Bibi Maryam, kama tusomavyo katika sura yake, uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende alipewa vitu vitatu: maneno ya kumwondolea huzuni, maji ya kunywa na tende za kula. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo yake kwa wauguzi: mzazi apewe mtu amtakaye akae naye, aruhusiwe kutembea na kuchagua mkao wake, na asiye na hatari asinyimwe chakula na kinywaji. Bibi zetu wakisomewa miongozo hiyo watacheka, kwani wataona wamerudishiwa mali yao ikiwa imepigwa muhuri.

Basi ninalolitaka ni hili. Kitabu cha ukunga wa pwani kiandikwe, kwa Kiswahili, kutoka vinywani mwa wakunga wenyewe, na mkunga wa hospitali akae ubavuni mwao kupambanua. Kila desturi itajwe, kisha isemwe waziwazi: hii ishikwe, hii iachwe. Ishikwe sitara, na kukesha na mzazi, na uji wa pilipili manga, na zile siku arubaini ambazo mzazi hupumzishwa na kuhudumiwa na jamaa zake. Iachwe kutia majivu au chochote kingine kitovuni, kwani pepopunda imewaua watoto wengi kwa njia hiyo. Iachwe kukamua na kumwaga maziwa ya mwanzo, ambayo ndiyo kinga ya mtoto. Iachwe kungoja: damu ikizidi, kifafa cha mimba kikianza, kondo la nyuma likikwama, asingojewe mume arudi baharini ndipo mzazi apelekwe.

Na maneno yenyewe yahifadhiwe. Tazama neno moja tu, mkaja. Ni kile kitambaa anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, nalo ndilo jina la ile tunu apewayo mama wa bibi arusi siku ya mahari. Yaani mkwe humlipa mama yule kwa tumbo lililofungwa siku alipomzaa huyo binti. Nimewauliza vijana wa hapa maana ya mkaja, wakaniambia ni pesa. Neno limebaki, maana imekwenda zake.

Najua baadhi ya wakunga hawatapenda kusema. Watanena kuwa hii ni amana ya nyumba, hutolewa kwa binti tu. Hao nawakumbusha habari ya ukoo wa Chamberlen wa London, waliovumbua koleo za kumtoa mtoto aliyekwama. Waliificha siri hiyo kwa zaidi ya miaka mia, wakileta chombo chao sandukuni ili wasionekane, na kipindi chote hicho wanawake wakafa mitaa ya jirani. Koleo zenyewe zilikutwa mwaka 1813 zimefichwa chini ya sakafu ya nyumba yao ya zamani. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, ametuonya juu ya aulizwaye ilimu akaificha. Hirizi za nyumba tusizitake, lakini ujuzi wa kuokoa roho si wa kurithiana kama bangili.

Kazi hii haihitaji mamilioni. Yahitaji chombo cha kunasia sauti, binti zetu wawili watatu waliosoma na wenye adabu ya kuwasikiliza wazee, na wauguzi wachache wenye moyo. Mfano tunao. Mwaka 1991 ilitolewa kwa Kiswahili simulizi ya wanawake watatu wa Mombasa waliojieleza maisha yao kwa ndimi zao, na hakuna aliyesema kuwa maneno yao hayafai kitabuni. Na zamani zaidi, mwaka 1858, Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia. Wanawake wakaunakili na kuuhifadhi kwa miaka mingi kabla Alice Werner na William Hichens hawajautoa kitabuni mwaka 1934. Mwanamke wa pwani aliandika zamani. Sisi ndio tuliosahau kumpa karatasi.

Kikishatoka, kitabu hicho kisomwe kama wale mabibi wa Raynalde walivyosoma chao: katika madarsa ya wanawake, baada ya maulidi, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, na aliye na jambo aongeze. Serikali ya kaunti ya Kilifi, ambayo hospitali zetu zi chini yake, iwape wauguzi wake wakisome pia, ili ajapo mzazi kutoka Shella wajue kwa nini ameomba kanga ya kujifunika, na kwa nini mamake hataki kuondoka mlangoni.

Mabibi waliobaki wanahesabika, na kila mwaka twawazika. Tunawasomea hitima, tunawasifu kwa mikono yao iliyowapokea watoto wa mtaa mzima, kisha tunarudi majumbani hali hatujui hata moja katika waliyoyajua. Sifa hiyo ya kaburini haitoshi. Aendewe bibi angali hai, aulizwe, na lake liandikwe kwa jina lake.

Wabillahi tawfiq.